Tulijifunza Mengi

Mwezi wa saba mpwa wangu alikuja likizo hapa Bariadi akiwa na kurasa nne zilizobanwa pini kwenye kona. Anasomea ualimu wa shule ya msingi katika chuo kimoja cha huku Kanda ya Ziwa, na zile kurasa zilikuwa ripoti ya ziara ya mafunzo. Darasa lao lilikuwa limepelekwa kwenye makumbusho ya Bonde la Olduvai, Ngorongoro, na kila mwanachuo alitakiwa kukusanya ripoti yake chuo kikifunguliwa.

"Mjomba, naomba uniangalizie lugha."

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo katika ukoo wetu kila karatasi yenye maneno hupitia kwangu: barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi, hata tangazo la ng'ombe aliyepotea. Nikachukua kalamu nyekundu, nusu saa nikawa nimemaliza, nikamrudishia na kumsifu kwamba ameandika vizuri. Usiku ule umeme ulikatika. Tukatoa viti uani, na bibi yake, ndiye mama yangu, akamuuliza huko alikokwenda aliona nini. Binti akaanza kusimulia. Nilisikiliza karibu saa nzima, na kadiri alivyoendelea ndivyo nilivyozidi kujiona mjinga, maana safari aliyokuwa akiisimulia sikuwa nimeisoma mahali popote katika zile kurasa nne.

Kwa hiyo nataka kuihakiki ripoti ile hapa, kwa uzito uleule tunaoipa riwaya. Mwenyewe amenikubalia, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la chuo.

Najua yuko atakayesema ripoti si fasihi. Sawa. Lakini hebu jiulize, ni wangapi kati yetu waliowahi kuandika riwaya? Na wangapi wamewahi kuandika ripoti ya ziara, ya semina, ya mafunzo kwa vitendo, ya kikao? Sidhani kama kuna utanzu wa nathari ambao Watanzania wanauandika kuliko huu, na hauna mhakiki hata mmoja. Mtu anapokaa kuandika hadithi yake ya kwanza ameshaandika ripoti ishirini. Mkono umeshazoea.

Ripoti ya mpwa wangu inaanza hivi: "Mnamo majira ya saa 11:00 alfajiri msafara wa wanachuo na wakufunzi ulianza safari ukiwa na lengo la kujifunza kwa vitendo masuala mbalimbali yahusuyo chimbuko la binadamu. Msafara ulifika salama na kupokelewa vizuri na wenyeji wetu, ambapo tulipewa historia fupi ya eneo hilo na baadaye kujionea mambo mbalimbali."

Kama umesoma nchi hii, umeshawahi kuandika aya hiyo. Ningeweza kuiendeleza nikiwa nimefumba macho. Sasa tazama nani anafanya nini humo ndani. Msafara unaondoka, msafara unafika. Hakuna mtu kwenye basi. Hakuna aliyesinzia wala aliyetapika (walitapika wawili, nilikuja kuambiwa baadaye, kabla hata ya kufika Lamadi). Basi linakatiza Serengeti yote na hakuna hata swala mmoja anayeonekana dirishani. Halafu zinakuja zile kauli za kutendwa: tulipokelewa, tulipewa, tulielezwa, tulioneshwa, tulitembezwa. Kwa kurasa nne wanachuo wanatendewa tu. Kitendo kimoja wanachokifanya wenyewe ni kujifunza, nacho kimefungiwa neno "mengi", ambalo ukilipima halina uzito wowote. Tulijifunza mengi. Mengi yapi?

Neno "mbalimbali" limo mara 17. Nilirudi nikahesabu. Mabaki mbalimbali, zana mbalimbali, wanyama mbalimbali, wataalamu mbalimbali, na kwenye kueleza kwa nini walichelewa kuondoka, "sababu mbalimbali". Hili neno kwa asili lingepaswa kutuambia kwamba vitu vilivyo mbele yetu vinatofautiana. Kwenye ripoti linafanya kazi ya kinyume: linasema sina haja ya kuvitofautisha. Chukua hizo "zana mbalimbali". Zana za mawe za Olduvai ni habari kubwa. Kuna jiwe la mtoni la kawaida kabisa, limegongwa mara chache upande mmoja likapata makali, basi. Na kuna shoka la mkono lililochongwa pande zote mbili kwa subira mpaka likafanana na tone la maji. Aina ile ya kwanza wanasayansi wa dunia nzima wanaiita Oldowan, kwa jina la bonde hilihili. Ukiyaweka mawe hayo mawili mezani, hata mtoto wa darasa la tatu ataona kwamba aliyechonga la pili alikuwa na picha kichwani kabla hajaanza. Yote hayo yamemezwa na neno moja.

Halafu tuje kwenye kipengele cha Changamoto. Huku ndiko mahali pekee ambapo mwandishi wa ripoti anaruhusiwa kutofurahi, na hata huko haruhusiwi kutofurahishwa na chochote zaidi ya usafiri, muda na fedha. Ripoti ya mpwa wangu ina changamoto tatu: uchache wa muda, ubovu wa barabara, ufinyu wa bajeti. Mapendekezo nayo matatu, kila moja limeitazama changamoto yake kama kioo. Mimi nilisoma sehemu ile nikaweka alama ya vema.

Usiku, kumbe, binti alikuwa na changamoto ya nne, na ilikuwa kubwa kuliko hizo tatu. Zile nyayo maarufu walizooneshwa ni nakala. Nyayo zenyewe ziko Laetoli, kusini ya Olduvai, na zimefukiwa kwa makusudi. Fuvu nalo ni nakala. La kweli limehifadhiwa Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. "Yaani bibi, tumekaa kwenye basi mpaka miguu imevimba, kwenda kuangalia kopi!"

Hapo ndipo nilipoacha kunywa chai. Kuvunjika moyo kwa namna hiyo kunastahili ukurasa mzima. Kwa nini watu wavumbue kitu halafu wakifukie tena? Kuna jibu, na ni jibu la sayansi hasa. Nyayo za Laetoli ziligundulika 1978, zikafunikwa udongo mwaka uliofuata ili zisiharibiwe na mvua na kwato. Udongo ule ulikuwa na mbegu za migunga. Migunga ikaota, mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo, na miaka ya 1990 ikabidi wataalamu, wakiwemo wa Getty Conservation Institute ya Marekani, wafukue upya, waiondoe mizizi mmoja mmoja, kisha wafukie tena kwa mpangilio wa kuizuia isirudi. Mpwa wangu alikuwa ameelewa jambo zima, na alikuwa hajaamua kama analikubali. Kwenye ripoti aliandika: "Tulijionea nyayo za binadamu wa kale." Siwezi kusema ni uongo, lakini hawakujionea.

Kuna pengine ambapo ripoti inakosea moja kwa moja. Inasema kwamba wanachuo "walioneshwa fuvu la binadamu wa kwanza duniani aitwaye Zinjanthropus". Sentensi hii nayo tumeikariri wote. Inatembea mdomoni kama methali, ndiyo maana hakuna anayeisimamisha njiani kuikagua. Fuvu lile Mary Leakey aliliona tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa kalala kambini na homa. Wakaliita Zinjanthropus boisei. Kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo peke yake ni hadithi: "Zinj" ni Zenji, jina ambalo Waarabu wa zamani waliiita pwani yetu, lilelile lililomo ndani ya Zanzibar na ambalo vijana wa leo wanalitumia wakipanda boti. "Boisei" ni Charles Boise, aliyekuwa akifadhili utafiti wao. (Hata fuvu lina ukurasa wa shukrani kwa mfadhili.) Mwaka 1961 ilitangazwa kwamba lina umri wa miaka milioni 1.75. Ila kadiri mifupa mingine ilivyozidi kupatikana, ukiwemo ule wa bonde hilohilo uliopewa jina la Homo habilis mwaka 1964, wanasayansi walio wengi waliona kwamba yule mwenye magego makubwa si mzee wa ukoo wetu. Ni tawi la pembeni lililokauka. Siku hizi wengi humwita Paranthropus.

Mpwa wangu hakujua hilo? Alilijua vizuri mno. Msikilize akiwa uani:

"Kumbe bibi, yule Zinj siyo babu yetu. Ni kama mjomba aliyekufa hajaacha mtoto." Akanyamaza kidogo, akanigeukia gizani. "Samahani mjomba."

Tulicheka sana. Lakini itazame ile sentensi. Ni sahihi kisayansi, inaeleweka kwa bibi ambaye hakwenda shule, na inatumia kitu ambacho Kiswahili kinakimudu barabara, yaani namna tunavyohesabu ukoo. Ningekuwa mtunzi wa vitabu vya kiada ningeinunua. Asubuhi nikamuuliza: kama ulijua, kwa nini uliandika binadamu wa kwanza?

"Si ndivyo inavyoandikwaga?"

Hapa ndipo utani wangu unapokwisha. Huyu binti baada ya muda mfupi atasimama mbele ya darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, afundishe sayansi. Ana ukweli kichwani, ana na maneno ya kuusema, na utanzu mmoja wa uandishi umemfundisha kuviacha vyote viwili nje ya mlango kabla hajaingia kuandika. Hakuna aliyemwambia adanganye. Umbo lenyewe la ripoti lilikuwa na tundu la saizi ya "binadamu wa kwanza", naye akalijaza.

Na mimi? Nilikuwa mlangoni nikihakikisha. Kwenye ukurasa wa tatu, katikati ya kauli za kutendwa, kulikuwa na sentensi moja iliyoponyoka: "Mimi nilichuchumaa nikanyoosha shubiri yangu juu ya unyayo mdogo, haukufika shubiri." Niliikata. Pembeni nikaandika "Epuka nafsi ya kwanza umoja", na juu yake nikaweka ya kwangu: "Wanachuo walipata fursa ya kulinganisha ukubwa wa nyayo." Baadaye nikaenda kutafuta vipimo. Zile nyayo ndogo za Laetoli zina urefu wa sentimita 18 hivi. Shubiri yake tuliipima kwa rula ya shule, ni 19. Alikuwa amepima sawasawa, bila kifaa, bila kugusa nakala ya watu, na akaandika matokeo. Nilifuta kipimo nikaweka fursa.

Nirudi uani, maana kule ndiko kulikokuwa na uhakiki wa kweli.

Mama yangu alisikiliza habari za fuvu kwa adabu tu. Alipofika kwenye nyayo akasogeza kiti. Binti akaeleza jinsi zilivyopatikana: volkano ilitema majivu, mvua nyepesi ikanyesha juu yake, wakapita watu, wakapita sungura, kanga, twiga na tembo, jua likakausha, kisha majivu mengine yakaja yakafunika. Hata matone ya mvua yaliacha alama. Nyayo za wanyama zilitangulia kuonekana, 1976, siku ambayo watafiti walikuwa wanacheza kurushiana mavi ya tembo, na mmoja wao, Andrew Hill, akianguka katika kukwepa, akajikuta anaangalia alama ardhini. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Kwenye ripoti hilo halimo, na naelewa kwa nini. Sijawahi kuona ripoti yenye mavi ya tembo. Lakini ukiliondoa, unaondoa pia namna ugunduzi ule ulivyotokea.

"Hiyo si kama mbuga?" bibi akauliza. Kwa asiye wa huku: mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni, unaoteleza kama sabuni ukinyeshewa na kuwa mgumu kama tofali ukikauka. Ng'ombe wakipita mbugani mwezi wa nne, kwato zao unazikuta mwezi wa tisa, unajikwaa nazo. Kwa Msukuma wa Simiyu, kueleza Laetoli hakuhitaji majivu kabisa.

Halafu akaanza kuuliza. Walikuwa wanaelekea wapi? Kaskazini, binti akajibu. Wangapi? Watatu katika ule msafara, lakini mmoja alikuwa akikanyaga palepale alipokanyaga mwenzake, ndiyo maana mwanzoni ni vigumu kuhesabu. Waliongozana au walipishana muda? Hapo binti akasita. Kuna aliyebeba mzigo? Maana aliyebeba mtoto ubavuni hakanyagi sawa na aliye mikono mitupu. "Babu yako," akasema, "alikuwa anajua kwato za ng'ombe wetu kati ya ng'ombe wa kijiji. Wakiibiwa, mwano ukipigwa, watu wa sungusungu wanakuja wanamwambia wewe tangulia." Yeye aliishi miaka ile ya themanini ambapo kusoma nyayo kulikuwa tofauti kati ya kurudi na ng'ombe na kurudi mikono mitupu. Anajua unyayo wa haraka na wa woga.

Baadaye nimegundua kwamba yale maswali manne ya mama yangu, kama uelekeo, idadi, kuongozana na mzigo, ni yaleyale ambayo wanasayansi wamebishana kwa zaidi ya miaka 40. Alifika kwayo akiwa kwenye kiti cha plastiki, Somanda, gizani. Ukipiga mstari kwenye ramani kutoka hapa kwenda mashariki, unakatiza Pori la Akiba la Maswa, unakatiza Serengeti, unafika Olduvai: kama kilomita 150 tu. Tuko karibu kuliko tunavyodhani.

Wala si yeye peke yake. Watu wanaoishi jirani na Laetoli nao wana maelezo yao, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Elgidius Ichumbaki, wameyaandika: Wamasai wa huko wanasimulia habari za Lakalanga, shujaa mwenye nguvu na mwili mkubwa kiasi kwamba kila alipopita aliacha alama. Ichumbaki huyohuyo, pamoja na Fidelis Masao na wenzao, ndio waliotangaza mwaka 2016 nyayo nyingine mpya za Laetoli, ikiwemo ya mtu mrefu kuliko wote waliojulikana pale kabla, zenye urefu wa sentimita 26 hivi. Walizipata wakati wa kukagua eneo lililopendekezwa kujengwa makumbusho. Yaani walikwenda kuangalia mahali pa kuweka jengo la kuoneshea nyayo, wakakuta nyayo. Hebu jaribu kuingiza hilo kwenye "tulipewa historia fupi ya eneo".

Nisieleweke kwamba nalaumu vichwa vya habari na vipengele. Makala ya kisayansi ya akina Masao nayo ina muundo mkali kuliko ripoti yoyote ya chuo. Tofauti ni kwamba muundo ule unakudai: uliona nini, wapi, ulipima kwa nini, ulipata ngapi, na una shaka gani. Ripoti yetu ya ziara imevaa nguo za sayansi, malengo, mbinu, matokeo, lakini haimdai mwandishi kipimo hata kimoja. Inamdai shukrani. Nadhani tumeirithi kutoka kwenye karatasi za miradi, zile zinazokwenda kwa mfadhili kuthibitisha kwamba basi liliondoka na fedha ilitumika. Kwa kazi hiyo inafaa kabisa. Mhasibu hahitaji shubiri.

Wala kisingizio kwamba ni kazi ya kupewa hakinishawishi. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, Mngazija, alisafiri na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia. Habari za safari yake zimo katika mkusanyo wa Carl Velten uliochapishwa 1901, pamoja na safari za Waswahili wengine, kama Selemani bin Mwenye Chande aliyekwenda bara. Hao nao waliandika kwa kuombwa, na aliyeomba alikuwa mtu wa serikali ya kikoloni mwenye shughuli zake na lugha yetu. Lakini fungua popote. Kuna baridi na namna mwili unavyoipokea, kuna chakula kinacholika na kisicholika, kuna mshangao wa kukutana na Waislamu mbali kule, kuna hongo na idadi ya vitambaa vilivyotolewa. Mwandishi yupo, ana tumbo na ana miguu. Nathari yetu ya safari ilianza ikiwa na macho, karne moja na ushee kabla ya "msafara ulifika salama". Sijui ni lini hasa tulianza kuona aibu ya kusema "mimi niliona".

Na kabla hatujawacheka wanachuo, tujitazame sisi wa huku kwenye uhakiki. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, wahusika, mtindo, muundo, kisha kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. "Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kutumia lugha nyepesi inayoeleweka." Nimeandika sentensi hiyo. Nimeifundisha. Kila mwaka nasahihisha rundo la majibu ya kidato cha nne ambamo riwaya nzima imepitiwa na hakuna hata mwanafunzi mmoja anayetaja mahali alipocheka. Hiyo ni ripoti ya ziara, tofauti ni kwamba makumbusho yake ni kitabu. Msafara uliingia, ukaoneshwa dhamira mbalimbali, ukatoka salama.

Kilichonitia moyo, na pia kunichanganya, ni jinsi mambo yalivyoendelea. Nilimwomba binti aiandike upya ile ripoti kama alivyomsimulia bibi yake. Aliniangalia kwa huruma. "Mjomba, hiyo nani ataisahihisha?" Ana haki. Mkufunzi wake ana ripoti za darasa zima mezani, na mwongozo wa alama una nafasi ya utangulizi na hitimisho, hauna ya mavi ya tembo. Akaikusanya ileile ya kurasa nne. Nilichofanikiwa ni kumshawishi arudishe sentensi ya shubiri, na kwenye fuvu aandike "mmoja wa viumbe jamii ya binadamu wa kale". Sentensi yangu hiyo ni mbovu, najua. Ya mjomba aliyekufa bila mtoto alikataa katakata kuiweka.

Ripoti ilirudi na alama 76 na neno "Vizuri". Kwenye shubiri mkufunzi hakuandika kitu, wala hakukata.

Mwezi wa nane alipangiwa mazoezi ya kufundisha, shule moja ya huko Itilima, nyuma ya madarasa kuna mbuga tupu mpaka upeo wa macho. Akanipigia simu jioni. Alikuwa na mada ya visukuku, darasa la sita, na alikuwa ameshaomba ndoo mbili za maji kwa mama mmoja jirani, jambo ambalo kiangazi kile halikuwa dogo. Alitaka watoto watembee, mmoja amebeba mwenzake mgongoni, mwingine akimbie, halafu wangoje siku mbili jua lifanye kazi yake, na wenzao wa darasa la saba waje kusoma nani alipita na alikuwa na nini. Kila kitu alikuwa amekipanga. Kilichomshinda ni andalio la somo, lile lenye vyumba vyake, maana mwalimu mkuu alitaka aliweke mezani kabla ya saa moja asubuhi.

"Mjomba, hapa kwenye zana za kufundishia na kujifunzia, niandike nini?"

"Andika tope," nikamwambia.